Nilivyofanikiwa kupunguza habari feki za sayansi kwenye grupu la familia

Ile meseji ya afelio (yaani dunia inapokuwa mbali zaidi na jua kwa mwaka) naamini na wewe umeshaipata, maana kila ikikaribia mwezi wa 7 inafufuka. Inasema kuanzia kesho alfajiri dunia itakuwa mbali sana na jua, kawaida umbali ni kilomita milioni 90 sasa utafika milioni 152, ongezeko la asilimia 66, kwa hiyo jiandaeni na baridi, mafua, kikohozi, tuma kwa uwapendao. Kwetu anayeileta ni baba mdogo, mtu mzima anayeheshimika, na huwezi kumwambia mbele ya wakwe na wajukuu kwamba baba mdogo hiyo feki. Kuna vijana walijaribu, wakaambiwa hawana adabu, mada ikahama kutoka kwenye jua ikawa malezi, na meseji ikaendelea kusambaa tu.

Mi nikamfata inboksi. Sikumwambia ni uongo, nilimwomba tupige hesabu. Nikamtumia voisi noti (maandishi marefu hasomi), nikamwambia shikamoo baba, hebu nisaidie kitu, mwanga unakimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, na toka kwenye jua mpaka huku unatumia dakika 8 na kitu, zidisha utaona inakuja karibu milioni 150. Sasa hii milioni 90 wameitoa wapi? Sayari ya Zuhura yenyewe iko kama kilomita milioni 108 toka kwenye jua, maana yake meseji ingekuwa ya kweli sisi tungekuwa tunazunguka ndani ya njia ya Zuhura, na hapo baridi ingekuwa kitu cha mwisho kukililia. Akarudisha voisi noti anacheka, "mwanangu, kumbe tumempita Zuhura!"

Ukweli wenyewe hauna hata drama. Njia ya dunia sio duara kamili, Januari tunakuwa kama kilomita milioni 147 toka kwenye jua na Julai milioni 152, tofauti ya asilimia 3 hivi, na Julai hiyohiyo watu wa kaskazini mwa dunia wako katikati ya joto. Sasa hiyo baridi ya afelio inachaguaje upande?

Ila hapo nilibebwa na namba, maana namba unaikamata. Hizi za "wanasayansi wamethibitisha" bila jina wala tarehe huna pa kuzishika, kwahiyo nabaki kuuliza tu, wanasayansi gani, wa wapi, mwaka gani? Hilo la mwaka linaokoa sana aisee. Kuna ile iliyotrendi kwamba Agosti 2, 2025 dunia nzima itakuwa giza dakika 6. Kupatwa kwa jua kwenyewe kupo kweli, lakini ni Agosti 2, 2027, na hizo dakika 6 na sekunde 23 ni pale ambapo giza litadumu zaidi, huko Misri karibu na Luxor, tena ndani ya ukanda mwembamba. Mtu kabadilisha mwaka na kuongeza "dunia nzima", basi. Mimi hizi za nusu kweli naziogopa kuliko za uongo mtupu, ukisema feki mtu anakuletea kile kipande cha kweli anakufunga nacho mdomo.

Na wakati mwingine hata hakuna aliyedanganya. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka nyama za kusindikwa kundi moja na sigara, na shangazi mpaka leo anasema soseji ni sawa na sigara. Nilichomwelewesha ni kwamba lile kundi linakwambia ushahidi wa kusababisha saratani ni imara kiasi gani, halikwambii madhara ni makubwa kiasi gani. Walisema hatari ya saratani ya utumbo mpana inapanda asilimia 18 kwa kila gramu 50 unazokula kila siku. Inatisha ee? Sasa chukua watu 100 ambao 5 kati yao wangeipata maishani, ikipanda hivyo wanakuwa kama 6. Shangazi akasema basi nitapunguza, sio kuacha, nikaona hapo tumeelewana.

Grupu sasa limetulia, baba mdogo kabla ya kufowadi ananitumia mimi kwanza. Tatizo amekuwa mkali kupita kiasi. Februari 2025 nikamwambia kuna kimondo kinaitwa 2024 YR4, NASA wanasema uwezekano wa kutugonga Desemba 2032 umefika asilimia 3.1, akanijibu "wanasayansi gani hao, acha kunitisha." Nikamwonyesha, akagoma. Siku chache baadaye uwezekano ukashuka karibu na sifuri, akanipigia kabisa, "si nilikwambia feki?" Nikamweleza kwamba haikuwa feki, vipimo vikiongezeka lile eneo ambalo kimondo kinaweza kupita linapungua, na kadiri dunia ikiwa bado imo ndani yake asilimia inapanda, mpaka siku dunia ikitoka nje ya eneo ndo inaporomoka ghafla, na wao walitarajia hivyo toka mwanzo. Kimya kidogo, halafu akasema sawa mwanangu, lakini mi ningewaambia wapime kwanza ndo watangaze. Hapo bado tunabishana.