Kamongo Naye Anapumua

Tangu Jumapili nimekuwa nikimjibu Babu kichwani, ndani ya daladala, mbele ya madaftari ya hesabu ofisini, hata nikiwa nimeshika simu ambayo shemeji alinipigia kunieleza kwamba amejifungua salama mtoto wa kiume. Na kila jibu ninalolitunga hulivunja kabla sijalimaliza, ingawa mwenyewe yuko sebuleni akisikiliza redio na wala hana habari kwamba mabishano yetu bado yanaendelea.

Babu ni mvuvi mstaafu tunayeishi naye hapa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Itoshe kusema kwamba tulikuwa mezani, ugali wa muhogo na sato, mjomba wa Igoma akiwa mgeni wetu, na mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza, kwa sababu nilikuwa nimerudi kutoka Unguja na kila mtu alitaka kusikia habari. Habari za harusi niliwapa kwa kifupi: ilifana, bibi harusi alilia, chakula kilitosha. Zile za Kizimkazi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Unguja, ndizo nilizoziweka mwisho kwa makusudi, nikijua kwamba ndizo zitakazomgusa mtu aliyevua Ukerewe tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Nikasimulia jinsi tulivyotoka alfajiri kwa boti, tukawaona pomboo wakipita chini ya maji ya kijani, wakubwa na wadogo, na jinsi mmoja alivyopumua karibu nasi kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Kwa hiyo, mke wangu," akasema Babu, "mlitoa pesa, mkaingia majini, mkawakuta samaki, mkarudi bila samaki?"

Nikamjibu kwa upole, na pengine kwa sauti ya kufundisha, kwamba pomboo si samaki, kwa kuwa anapumua hewa na asipopanda juu atakufa maji.

Babu alitafuna tonge lake mpaka likaisha. "Kamongo naye anapumua hewa," akasema. "Na tunamla."

Walicheka wote. Alicheka mjomba, alicheka kaka, na alicheka Mama, ambaye kwa kawaida utani wa Babu humpita bila kumtikisa.

Kinachoniuma zaidi ya kicheko ni kwamba maneno yake ni kweli tupu. Kamongo ni samaki wa ziwa letu mwenye mapafu, matamvua yake hayamtoshi, na akizuiwa kufika juu ya maji atakufa kwa kukosa pumzi, vilevile kama pomboo. Lakini hakuna mtu hapa Mwanza atakayesema kwamba kamongo si samaki, wala hakuna boti inayowapeleka wageni kumtazama. Nilichukua hoja moja nikaisimamisha peke yake mbele ya mzee ambaye amewatoa kamongo kwenye nyavu kwa mikono yake, akijihadhari na meno yao, halafu nikategemea isimame.

Jumatatu nilipata jibu jingine: pomboo humtunza mtoto wake. Kabla daladala haijafika kituoni, Babu wa kichwani alikuwa amekwisha kunikumbusha kwamba sato jike hubeba mayai mdomoni, na vifaranga vyake pia hukimbilia humo hatari inapokuja, na kwamba kamongo dume hulinda kiota bila kubanduka. Nikasema pomboo hulala usingizi wa ajabu, nusu ya ubongo ikilala huku nusu nyingine ikikesha ili asisahau kupumua. Akaniuliza ni usingizi gani wa ajabu kuliko ule wa kamongo anayejizika katika tope kavu mpaka mvua zirudi. Nikamwambia mkia wa pomboo hupiga juu na chini, ilhali wa samaki hupiga kushoto na kulia. Hilo hakulijibu, ila alinitazama kana kwamba nimeanza kuhesabu magamba.

Jumanne, wakati mkaguzi wa hesabu akiwa amekaa kwenye kiti changu na mimi nikiwa nimesimama kando, likanijia jibu ambalo niliamini kwamba halivunjiki: maziwa. Pomboo humnyonyesha mwanawe, na hakuna samaki wa ziwa hili anayenyonyesha. Nilifurahi kiasi kwamba mkaguzi aliniuliza ninatabasamu nini. Lakini furaha hiyo haikufika jioni, kwa maana nilipokuwa nikipita buchani nilimsikia Babu waziwazi: ng'ombe naye ananyonyesha, na tunamla.

Hapo ndipo nilipoona kwamba elimu ya viumbe haitanisaidia, na kwamba Babu hakuniuliza hata kidogo pomboo ni mnyama wa aina gani. Aliniuliza kwa nini mtu amfuate kiumbe majini kisha amwache. Hilo si swali la kipuuzi, na watu wa Kizimkazi wenyewe wamelijibu kwa njia mbili katika umri wa mtu mmoja. Wazee wao walikuwa wakiwavua pomboo na kutumia nyama yao kuwa chambo cha papa. Kisha miaka ya 1990 wageni walianza kuja kuwatazama, mvuvi akaona kwamba pomboo aliye hai hulipa kesho na keshokutwa, na mwaka 1997 Ghuba yote ya Menai, ilipo Kizimkazi, ikawekwa chini ya hifadhi. Nahodha wetu alitueleza hayo huku akituonyesha upande wa Dimbani, kwenye ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107, bila kujivuna na bila kuwalaumu waliomtangulia. Nilipaswa kumsimulia Babu hayo badala ya kumhubiria habari za mapafu.

Ila nisiwadanganye kwamba kila nilichokiona kule kilikuwa kizuri. Ziko boti ambazo zilipowaona pomboo ziliongeza mwendo, zikawakata mbele, na wageni wakarushwa majini na miwani yao na viatu vya kuogelea, wakipiga kelele, mpaka kundi likazama na kuibukia mbali, na boti zikageuka kulifuata tena. Watafiti waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi wameonyesha kwamba boti zikizidi, pomboo hupunguza kupumzika na muda wao mwingi huishia katika kusafiri huku na huko. Na mtu hahitaji kuwa mtafiti kuliona hilo, anahitaji tu kukaa ndani ya boti iliyotulia. Yetu ilitulia. Nahodha alikuwa ameizima mashine mapema, akasimama nyuma akitazama maji kwa muda ambao vijana wa Dar es Salaam tuliokuwa nao waliuona mrefu sana, nao pomboo wakapita pembeni mwetu kwa hiari yao.

Nilikuwa na nia ya kuishia hapa, na kama ningeandika siku ya Jumanne, mngesoma malalamiko matupu. Lakini juzi alfajiri nilimkuta Babu ameketi nje, amejifunika shuka, naye bila salamu ndefu akaniuliza:

"Yule nahodha wenu, alizima mashine kabla ya kuwaona au baada ya kuwaona?"

Nikamwambia, kabla.

"Basi yule ni mvuvi," akasema.

Sijui niwaelezeje nilivyojisikia. Kumbe naye alikuwa akiendelea na yale mabishano upande wake! Akanieleza kwamba enzi zao, walipopita kwenye ghuba ambazo sato wamechimba viota, walikuwa wakiinua makasia na kuuacha mtumbwi uende wenyewe, si kwa huruma bali kwa sababu mtu hasumbui mahali atakaporudi. Na kwamba siku nyingine alikuwa akikaa pale akitazama tu vile viduara vya mchanga chini ya maji mpaka mwenzake anamgombeza kwamba jua linapanda. Nikamuuliza kama siku hizo alirudi na samaki. Akacheka mpaka shuka ikaanguka.

Ndipo nikampa sehemu ambayo sikupata nafasi ya kuisimulia Jumapili, kwa vile kicheko kilikuwa kimeifunika. Tulipokuwa tukirudi, mbali kabisa upande wa bahari kuu, kulipanda moshi mweupe wa maji, halafu mwingine mdogo kando yake, na nahodha akasema, "Huyo ana mtoto, hatumsogelei." Walikuwa nyangumi wenye nundu, ambao hula katika bahari za kusini zilizo jirani na barafu, kisha hupanda mpaka pwani yetu kati ya Julai na Oktoba kujamiiana na kuzaa katika maji ya joto. Mimba yao hukaribia mwaka mzima, na mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hivi. Mama humnyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, kwa kuwa katika miezi hiyo yeye mwenyewe karibu hali kitu, mpaka warudi tena kusini.

Babu alisikiliza yote bila kunikatiza, akaniuliza njia nzima ni umbali gani, nikamwambia ni maelfu ya kilomita. Akatikisa kichwa. "Basi amekwenda kwao kujifungua," akasema, "kama bibi yako alivyonikimbia kila mimba mpaka kwa mama yake, na mimi nikabaki nikijipikia dagaa."

Sasa anataka mwakani nimpeleke Kizimkazi. Nimemwambia safari ni ndefu, magoti yake hayatapanda boti, na mawimbi ya bahari si ya Nansio. Akajibu kwamba amevuka ziwa hili kwa mtumbwi wa tanga kabla mama yangu hajazaliwa. Tukafikia mapatano kwamba nitaanza kuweka akiba, yeye ataanza mazoezi ya kupanda ngazi za nyumbani bila fimbo, na tangu juzi hiyohiyo nimemwona akizipanda mara mbili, akihema na kunilaani.

Ngazi zenyewe ndizo zinazonirudisha kwenye hofu nyingine. Jirani yetu wa juu ameanza tena kupasua jiwe kubwa lililo juu ya nyumba yetu kwa kulichoma moto ili apate kokoto za kuuza, na jana nilipopita nyuma ya nyumba niliona ufa ambao sikumbuki kuuona zamani. Mwenyekiti wa mtaa amesema atakuja kuangalia wiki ijayo, mvua za vuli ziko karibu, na chumba kilicho chini ya jiwe hilo ni cha Babu. Nimemwomba ahamie kwangu kwa sasa, naye amekataa katakata kwa sababu redio haishiki vizuri upande ule.