Methadoni saa mbili, usingizi saa saba

Mafuta yalikuwa yameshaanza kuwaka kwenye karai, na mimi nimesinzia kwenye kigoda, kijiti cha kugeuzia maandazi bado kiko mkononi. Aliyeniamsha ni binti yangu, wakati huo ana miaka sita, ananivuta kanga huku analia. Tukamwagia mchanga ndoo nzima. Ukuta wa uani una doa jeusi mpaka leo, na sijataka kulipaka rangi.

Hiyo ilikuwa Machi 2019. Nilikuwa na mwaka na zaidi kidogo tangu niache unga, yaani heroini, na mtaa mzima ulikuwa unanisifu. "Tazama alivyo mchapakazi sasa." Nami sifa zile nilizipenda mno, kwa sababu kwa miaka tisa jina langu lilikuwa teja tu.

Sitaeleza sana nilivyoanza. Mwanaume niliyekuwa naishi naye alikuwa anavuta kokteli, bangi iliyochanganywa na unga, nikaonja, nikabaki humo. Mimba ya binti yangu niliibeba nikiwa kwenye unga. Mama yangu ndiye aliyemlea. Niliuza sufuria zake, nikauza redio ya marehemu baba, na siku moja nilichukua hela ya sare ya mtoto wa kaka yangu. Mwaka 2017, msako wa wauzaji ulipopamba moto na kete za unga zikawa za kutafuta kwa tochi, mateja wengi tulimiminika kliniki. Hapa Dar es Salaam, Hospitali ya Muhimbili walikuwa wameanza kutoa methadoni tangu 2011, Mwananyamala wakafuata 2012, na Temeke 2014. Temeke ndiyo ilikuwa karibu na sisi tunaotoka Mbagala. Nikaandikishwa Novemba.

Kwa asiyejua: methadoni ni dawa ya kunywa, ya maji, inayozuia arosto, yale mateso ya kukosa unga, kwa siku nzima ili uweze kukaa na akili yako. Unaipata bure, ila wakati ule ilinibidi niifuate mwenyewe kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Unatajiwa jina, unapewa kikombe kidogo, unakunywa mbele ya mhudumu. Unatiliwa maji mule mule, unasuuza kikombe, unakunywa tena. Kisha anakuuliza neno, hata habari za nyumbani, uongee aone umemeza. Dozi yangu ilianzia miligramu 30 na ikapanda polepole mpaka 80.

Kosa langu lilikuwa kudhani nikishakunywa kile kikombe, saa zote zilizobaki ni za kulipa madeni. Sisemi madeni ya fedha tu. Niliona nina deni la radhi kwa mtoto wangu, kwa mama, kwa kaka. Basi naamka saa tisa usiku kukaanga maandazi, saa moja nimemaliza kuuza, nawahi daladala ya Temeke. Nikirudi nafua nguo za watu, mchana napika kwa mama, jioni vitumbua, usiku nakanda unga wa ngano wa kesho. Harusi ya jirani, niko jikoni. Msiba, niko jikoni. Akitokea mtu wa kuniomba nisimame kwenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya kukesha, kusaidia kuuza vinywaji, nakubali. Kulala mchana nilikuona wizi. Nitalalaje, mimi niliyelala miaka tisa?

Moto ule wa karai ungetosha kunifunza. Haukutosha. Ukaja mfungo wa Ramadhani wa mwaka huo huo, mwezi Mei. Watu wanataka kalmati na sambusa za kufuturu, na wasiofunga bado wanataka maandazi asubuhi. Nikayabeba yote mawili. Kumi la mwisho, kwa ajili ya oda, nikaruka dozi siku moja. Nikaruka ya pili. Nilijiambia kesho nitakwenda. Usiku wa pili miayo haikomi, kamasi zinatiririka, malaika yamesimama mikononi na ilhali nimekaa mbele ya jiko la mkaa. Alfajiri tumbo limefunguka, viungo vinavunjika. Nilikuwa na elfu 40 ya mauzo kwenye pindo la kanga. Sikuelekea kituoni. Miguu ilikwenda yenyewe maskani, kijiweni kwa mateja, kama vile haijawahi kuacha.

Nilipofika kliniki baada ya hapo sikupewa dozi yangu ya zamani. Ukikosa siku tatu mfululizo wanakupima upya, wanakushusha, kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu na dozi kubwa inaweza kukuzimisha pumzi. Nililia kwa aibu mbele ya mshauri nasaha. Hakunigombeza. Aliniuliza: "Dada, jana ulikula nini?" Nikatafuta jibu. Nilikuwa nimekaanga sambusa zaidi ya mia mbili na sikukumbuka kama nilitia kitu kinywani. Akauliza nililala saa ngapi. Akauliza mara ya mwisho kukaa na shoga yangu tukazungumza ni lini. Halafu akanikumbusha mambo manne tunayoimba kila siku kwenye kikundi chetu cha walioacha unga, njaa, hasira, upweke, uchovu, na akasema, "Wewe unayo yote manne, na umeyaweka mwenyewe."

Neno hilo lilinikaa. Siku zote niliogopa pusha, niliogopa maskani, niliogopa marafiki wa zamani. Kumbe kuchoka ndiko kulikoniuza, na kuchoka nilikuwa nakuita toba.

Nikaanza kupunguza, na kupunguza kuliniuma kuliko kuongeza. Vitumbua vya jioni niliacha kabisa. Kufua nikaacha, nikapoteza wateja watatu na mmoja akasema maneno makali, eti teja akishiba hujisahau. Nilinyamaza. Harusi natoa mchango wangu mdogo, nakaa saa moja, naaga. Kigodoro sikanyagi tena, nimewaambia wazi sababu, na wanaonipenda wameelewa.

Hela nayo ilikuwa mtihani, maana noti mkononi mwa mtu kama mimi ina sauti. Nikaingia mchezo, ule wa kuchangishana hela na kupokea kwa zamu, na akina mama wenzangu wanane. Mkusanyaji anapita saa nne asubuhi, mara tu ninaposhuka kwenye daladala, anachukua elfu tano kabla haijapata joto la pindo. Na mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mtaani, naikimbia. Nimeona mtu aliyeacha unga kwa miaka minne akirudishwa maskani na hofu ya marejesho ya kila Ijumaa.

Mwili pia ulikuwa unadai, na nilikuwa naupuuza. Methadoni ina adabu zake: inakausha mdomo, inafunga choo, inakutoa jasho, inakupa hamu ya sukari. Nilikuwa nakunywa soda tatu kwa siku. Meno mawili ya pembeni yaling'olewa. Sasa sitoki nyumbani bila uji, nabeba chupa ya maji, papai halikosekani, na usiku napiga mswaki hata nikiwa nimechoka vipi. Kwa mtu mwingine haya ni madogo. Mimi niliyepitisha wiki nzima bila kuoga, kupiga mswaki mbele ya kioo na kujitazama usoni ni ibada.

Na kuna saa saba. Kutoka saa saba mpaka saa tisa nalala. Nakunja mkeka wa maandazi, nafunga pazia, simu naiacha kwa mama. Wiki za mwanzo nilikuwa nalala macho wazi nikihesabu hela ninayoipoteza. Mama ndiye aliyenituliza. Aliingia siku moja akaketi ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mwanangu, mimi sikukudai vitumbua. Nilikuwa naomba urudi. Umerudi. Lala." Niligeukia ukutani nikalia mpaka usingizi ukanichukua, na ulikuwa usingizi mzuri.

Siku mbaya bado zipo. Mwaka juzi mama alilazwa, nikawa kati ya wodi, kliniki na jiko kwa wiki tatu. Safari hii nilifunga biashara kwanza, dozi sikuiruka hata siku moja, na niliwaambia wenzangu wa kikundi kabla sijazidiwa. Wawili walikuwa wanapokezana kunisindikiza kituoni asubuhi, kwa sababu njia ya kurudi inapita karibu na watu ninaowafahamu mno. Dozi yangu sasa imeshuka hadi miligramu 35, na ninashuka taratibu, bila kushindana na mtu.

Binti yangu ana miaka kumi na miwili. Wateja wa chapati wakigonga mchana, ndiye anayetoka mlangoni, mkono kiunoni kama bibi yake. Namsikia nikiwa kitandani: "Mama amelala. Njooni saa kumi."