Siku moja na ile −1 ya pamanganeti

Saa 12:40 asubuhi. Nimewahi kabla ya kengele ya mstarini, nina daftari 46 za kidato cha tatu. Swali lilikuwa moja: tafuta namba ya oksidishaji ya manganizi, yaani chaji tunayoihesabia atomu yake, katika MnO₄⁻, ioni (kundi la atomu lenye chaji) ya pamanganeti. Daftari 19 zina −1. Wameiona ile hasi pembeni mwa ioni, wakamtwika manganizi. Kosa hili narudiana nalo kila mwaka.

Saa 2:00. Vipindi viwili mfululizo. Leo fomula nimeiacha kwanza, nikauliza: kikoba kikikopa benki, deni la nani? "La kikundi, mwalimu!" Basi ile −1 ni ya kikundi. Ndani yake kila mwanachama ana hesabu yake. Oksijeni nne, kila moja −2, jumla −8. Kikundi kinadaiwa 1 tu, kwa hiyo manganizi ana +7.

Binti mmoja wa nyuma akauliza kama kweli manganizi ametoa elektroni saba. Nilifurahi mno. Hapana, atomu hizo zinashirikiana elektroni. Sisi tunahesabu kana kwamba oksijeni imezichukua zote. Ningetamani kila mwanafunzi aambiwe hivi siku ya kwanza.

Dikromati, Cr₂O₇²⁻, wakaifanya wenyewe. Wengi waliishia +12 wakasahau kwamba kromiamu ni wawili, kila mmoja +6.

Saa 4:30. Chai na andazi, haraka.

Saa 5:10. Maabara. Pamanganeti ya zambarau kwenye bureti, ule mrija wenye vipimo na koki. Chini, flaski ya salfeti ya chuma(II) yenye asidi ya salfuriki. Tone likiingia, rangi inapotea. Manganizi anashuka kutoka +7 hadi +2, anapokea elektroni tano. Chuma kinapanda kutoka +2 hadi +3, kinatoa moja. Kwa hiyo ioni moja ya pamanganeti inamaliza tano za chuma. Chumba kilikuwa kimya mpaka tone moja lilipoacha waridi hafifu lisilofutika. Hapo mtu akasema taratibu, "Chuma kimeisha."

Saa 9:30 alasiri. Kijana ambaye kwao wanalima mahindi amenifuata ofisini. Ameichukua amoniamu naitreti, NH₄NO₃, akakokotoa naitrojeni zote mbili kwa mkupuo, akapata +1. Hesabu yake haina kosa, ila huo ni wastani tu. Nikamwambia atenganishe ioni kwanza. NH₄⁺: haidrojeni nne ni +4, chaji ya kikundi +1, naitrojeni −3. NO₃⁻: oksijeni tatu ni −6, chaji −1, naitrojeni +5.

Akatazama karatasi muda mrefu. "Mwalimu, na mbolea ya CAN tunayoweka shambani ina zote mbili?" Ndiyo, amoniamu na naitreti ndani ya punje zile zile.

Saa 11:15 jioni. Nafunga kabati la maabara. Nje, chini ya mwembe, kijana yule anamchorea mwenzake NH₄⁺ mchangani kwa kijiti.