Kilo mbili na nusu zinanitosha

Kocha wetu pale jimu ya Sinza ana umri wa mwanangu wa kwanza. Ananiamkia shikamoo, naitikia marahaba, halafu anaanza kunifokea: "Mama, kifua juu! Mama, visigino chini!" Nimeshamzoea.

Goti ndilo lililonipeleka kwake. Nauza mitumba Kariakoo, stoo iko ghorofa ya tatu, na ngazi zilikuwa zimeanza kunishinda. Baadaye nikasoma habari za Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyetibu askari wenye magoti mabovu miaka ya 1940. Wengi wakati ule waliamini mgonjwa apewe mazoezi mepesi, ayarudie weee. Yeye akawabebesha uzito wa maana, akaupandisha kadiri walivyopata nguvu. Nilicheka peke yangu. Kumbe dawa yangu hii ya kubeba vyuma ni ya zamani hivyo!

Chuma kirefu ninachochuchumaa nacho, kikiwa kitupu, ni kilo 20, sawa na ndoo ya maji iliyojaa. Vijana hugombania vyuma vikubwa vya kutia pembeni. Mimi nasaka vile vidogo vya kilo moja na robo, ambavyo havina mwenyewe. Kimoja nilikikuta kinazuia mlango. Ukitia kimoja kila upande umeongeza kilo mbili na nusu. Sheria ya kocha ni kwamba huongezi mpaka seti zote, yaani mizunguko yote ya zoezi, uzimalize bila kuyumba. Mwili ukikataa, unabaki pale pale.

Shoga zangu walinitisha kwamba nitakuwa baunsa. Bado wanasubiri. Miezi ya mwanzo nguvu hupanda hata kabla misuli haijanenepa, kwa sababu neva zinajifunza kuiamsha misuli iliyokuwepo siku zote.

Robota la mitumba ni kilo 45. Zamani nilimlipa kijana anipandishie, nami nikifuata nyuma nimeshika ukuta. Siku hizi bado namlipa, ana watoto yule, ila tunashika wote, kila mtu na upande wake, na anayeomba tupumzike si mimi.

Lakini kilichobadilika zaidi ni hii haraka yangu. Nilikuwa mtu wa kutaka leo leo. Soko likilala, ikifika saa tisa nishaanza kuuza bei ya kutupa kwa hofu. Sasa siku uzito ukigoma naandika kwenye daftari "umegoma", naenda zangu nyumbani kupika. Na dukani nimekuwa hivyo hivyo. Mteja akinishusha mno, namwambia kaka, pitia kesho.

Kwa sasa nimekwama kwenye kilo 60 za kuchuchumaa. Kocha anataka nirudi 55 nipande upya. Mimi nimemuuliza fundi chuma mmoja wa eneo la Gerezani, hapa Dar, kama anaweza kunikatia vyuma vya nusu kilo. Amesema nipeleke kipimo cha tundu.