Kutafuta dhahabu katika miamba ya volkano ya Kanda ya Ziwa

Anayesafiri kutoka Kahama kuelekea Geita huona mashamba, mbuga na vilima vichache, wala hakuna kinachomdokezea kwamba chini yake kuna lava iliyomwagika takribani miaka bilioni 2.7 iliyopita. Volkano zenyewe zilikwisha kulika zamani mno. Iliyosalia ni miamba iliyokunjwa na kubanwa hata ikageuka rangi ya kijani, na humo ndimo ilimo dhahabu ya migodi ya Bulyanhulu na Geita.

Dhahabu hiyo ilikuja baada ya lava. Ililetwa na maji ya moto yaliyopanda kutoka kina kirefu kupitia nyufa, yakiwa yameibeba kwa msaada wa salfa. Yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa ilishikamana na chuma ikawa madini yaitwayo pairaiti, nayo dhahabu, kwa kukosa cha kuibeba, ikabaki papo hapo. Ndiyo maana Geita dhahabu nyingi hukutwa ndani na kandokando ya miamba ya chuma yenye mistari. Bulyanhulu, mkanda mkuu wa mwamba wenye dhahabu umefuata mpaka wa lava ya basalti na majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, penye tabaka jembamba la tope jeusi lililogandamana, ambalo kwa udhaifu wake lilikubali kupasuka.

Kwa maoni yangu, fedha za mwanzo za mradi wa kutafuta dhahabu zitumike kuchora ramani ya mipaka ya miamba kama hiyo kabla ya kukodi mtambo wa kuchoronga, yaani kutoboa mwamba ili kutoa sampuli. Udongo mweusi wa mbuga huficha mengi, kwani umeletwa na maji kutoka kwingine. Vichuguu husaidia sana, maana mchwa hupandisha punje za udongo kutoka mita kadhaa chini, na upimaji wa usumaku kwa ndege huonyesha miamba ya chuma hata ilipofunikwa.

Uchorongaji nao unadai uangalifu. Mkanda wa Bulyanhulu umesimama karibu wima, hivyo shimo huelekezwa kwa mshazari ili liukate. Kipande cha mwamba kikilowanishwa na kutazamwa kwa lenzi, pairaiti hung'aa kwenye kingo za kwatzi, jiwe gumu jeupe. Hata hivyo, mita 10 za mkanda zilizopimwa ndani ya shimo la mshazari si unene wake halisi. Pembe isipohesabiwa, tani za mbale (mawe yenye dhahabu) zitakazotangazwa zitazidi zilizopo ardhini.