Nyapara wa genge kwenye njia ya Givry

Hata mita mia mbili hatujamaliza tangu tuondoke Givry, mji mdogo wa Ufaransa, Baba akashuka kwenye baiskeli. Nikadhani mnyororo umetoka. Akaiegemeza kwenye uzio, akachuchumaa katikati ya njia, akafumba jicho moja na kutazama mbele kwa muda, jinsi walivyokuwa wakipima unyoofu wa reli wakati wake. Kisha akasimama na kujipangusa magoti.

“Mama,” akaniita, maana ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, “hii si barabara. Hili ni tuta la reli.”

Nami sikuwa nimemwambia. Ilikuwa Juni 2018, amekuja kunitembelea Lyon kwa mara ya kwanza, na nilikuwa nimepanga nimfichie siri hiyo mpaka tufike kwenye stesheni ya kwanza ya zamani. Nilisahau ninasafiri na nani. Baba alikuwa nyapara wa genge, yaani msimamizi wa kikosi cha kutunza njia, kwenye Reli ya Kati, upande wa Tabora kwenda Kigoma. Aliingia kazini kijana wakati reli ingali ya Afrika Mashariki, akakutwa humo humo Shirika la Reli Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1977, akatoka na kiinua mgongo na maumivu ya kiuno.

Basi nikamweleza. Hapo ndipo Wafaransa walipofungua, mwaka 1997, njia yao ya kwanza ya aina ile, voie verte, yaani njia ya kijani, juu ya tuta la reli iliyokufa: kilomita 44 za lami kutoka Givry hadi Cluny, katika Burgundy ya kusini. Baadaye ikaendelezwa hadi karibu na Mâcon. Gari haliingii, pikipiki haiingii. Ni watembea kwa miguu, baiskeli, viti vya magurudumu na watoto wenye viatu vya matairi. Kila inapokatiza barabara wameweka vizuizi ili gari lisije likajisahau.

“Na mataruma, yale yanayolala chini ya reli, waliyapeleka wapi?” akauliza. Sikuwa na jibu.

Kwa kilomita nyingi za mwanzo Baba aliendesha kwa woga. Nilikuwa nyuma yake, namwona. Amejibana ukingoni kabisa, tairi likikaribia kugusa nyasi, na kila baada ya muda anageuza shingo kutazama nyuma. Mtu aliyezoea kuendesha baiskeli kwenye barabara zetu amefundishwa na mabasi: ukisikia honi, unaingia porini kwanza, maswali baadaye. Kwa kuwa nyumbani tunapita kushoto, ukingo aliojibana ulikuwa wa kushoto, wakati Ufaransa nzima inapita kulia. Akakutana uso kwa uso na bibi mmoja wa makamo yake, mgongo umenyooka, kikapu mbele. Yule bibi akapiga kengele na kusema, “À droite, monsieur!”, yaani pita kulia, bwana. Baba akavua kofia akamjibu, “Asante sana, mama, nawe pia.” Wote wawili wakaenda zao wameridhika.

Baiskeli tulikuwa tumezikodi, nzuri, zenye gia nyingi na mikoba ya pembeni. Mikoba aliikataa. Begi lake alilifunga kwenye keria kwa ukanda wa tyubu aliokuja nao kutoka Tabora ndani ya sanduku la nguo, umekunjwa vizuri pamoja na soksi. Kule uwanja wa ndege walipomuuliza kile ni kitu gani, alisema ni kamba. Gia nazo hakuzigusa. Alisema tuta la reli halihitaji gia, na alikuwa sahihi: treni haiwezi kupanda kilima kikali, hivyo waliojenga walichimba pale palipoinuka na kujaza pale palipobonyea, na mwendesha baiskeli wa leo anakula jasho lao bure. Unapanda bila kujua unapanda. Miguu tu ndiyo inakuambia, kwa mbali.

Baada ya Buxy, mashamba ya mizabibu yakabaki nyuma, ikawa malisho. Ng'ombe wa Charolais, weupe pe, wamelala kwenye majani marefu. Baba akasimama tena. Ng'ombe wenye kiuno kile, wamelala saa nne asubuhi, bila mchungaji! Akataka kujua wanauzwa kiasi gani, nikamwambia sijui, akanitazama kwa huruma.

Lakini zaidi alikuwa akisoma reli. Kila tulipokatiza barabara ndogo aliniambia kabla hatujafika, “Hapa patakuwa na nyumba ya mlinda geti,” na kweli, kinyumba cha mawe kilikuwepo, sasa kina mapazia na maua ya waridi, kinakaliwa na watu wasiolinda chochote. Kwenye stesheni ya zamani ya Saint-Gengoux-le-National alipanda jukwaa, akalipima kwa hatua, akakisia treni zao zilikuwa na mabehewa mangapi. Hapo ndipo nilipomwona amenyong'onyea.

“Waling'oa kwa sababu gani?”

Nikasema ni yale yale: watu walinunua magari, mabasi yakaja, abiria wakapungua. Akatikisa kichwa. Akanikumbusha reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza na kung'olewa miaka ya 1960. “Wale wa kusini hawakuachiwa hata njia ya baiskeli,” alisema. “Hawa angalau wameacha lami.” Sikuweza kujua kama alikuwa anasifu au analaumu.

Nilichokuwa sijamwandaa nacho ni saa ya mchana. Kati ya saa sita na saa nane vijiji vile hufungwa kabisa. Duka la mikate limeshusha shata, mgahawa una kiti kimoja na paka. Tulikuwa na mkate na jibini, ila maji yalikuwa yamekwisha. Waendesha baiskeli wa huko wote wanajua pa kwenda: makaburini. Karibu kila eneo la makaburi lina bomba kwa ajili ya maua. Usomwe tu ubao usije ukawa unasema maji hayanyweki.

Baba hakutaka. Alisimama nje ya lango akasema maji ya wafu ni ya wafu. Nikaingia peke yangu, nikajaza chupa. Nilipogeuka nikamkuta amekwisha ingia, kofia mkononi, amefanya ishara ya msalaba, amesimama mbele ya mnara wa waliokufa vitani. Kijiji kidogo kama kile, na majina ya 1914 hadi 1918 yalishuka kwenye jiwe safu baada ya safu, majina ya ukoo yakijirudia.

“Mwaka huu ndio reli yetu ilifika Kigoma,” akasema, kidole kikiwa juu ya 1914. “Wajerumani hawakuifaidi. Vita ikaanza mwaka huo huo, na 1916 Wabelgiji wakawa Tabora.” Kisha akachukua chupa mkononi mwangu akanywa, nusu yake kwa mkupuo mmoja.

Mchana ule ndipo aliponyooka. Sijui ni saa ngapi hasa, ila niliinua macho nikamwona yuko katikati ya njia, magoti yamepanuka nje kama anavyoendesha siku zote, na hageuki nyuma tena. Alianza hata kupiga mluzi. Taizé, kijiji chenye jumuiya ya watawa wanaotembelewa na watu wengi kusali, tulipita bila kupanda kilimani. Alisema atasali akiwa chini, Mungu anasikia.

Cluny tulilala. Nilimwonyesha mabaki ya abasia iliyoanzishwa mwaka 910, ambayo kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo mpaka lilipojengwa upya la Mtakatifu Petro kule Roma, na ambalo baada ya Mapinduzi ya Ufaransa liliuzwa na kubomolewa, likageuzwa machimbo ya mawe ya kujengea. Baba alizunguka mnara uliobaki. “Kumbe hawa watu wamezoea kung'oa,” akasema, tukaenda kula.

Kesho yake tukaingia kwenye handaki la Bois Clair. Ni mita 1,600, na majira ya baridi hufungwa ili popo walale. Nje kulikuwa na joto la Juni. Ndani, baada ya hatua chache tu, baridi ikaingia hadi kwenye mifupa, na taa zilizopangwa kwa mbali zikawa zinatufuata. Baba akaendesha polepole akitazama kuta. Akasimama kwenye tundu lililochimbwa ukutani, la kumtosha mtu mmoja, akaingia na kujibana mgongo.

“Treni ikija unajificha hapa,” alisema, sauti ikirudi mara mbili. “Kwetu tulikuwa nazo kwenye daraja refu. Unashika koleo lako hivi, lisimame wima. Likilala, behewa linakukokota nalo.” Akakaa humo kwa muda ambao angekaa mpaka behewa la mwisho lipite. Kijana mmoja mwenye baiskeli ya mbio akatupita, akatuamkia, asielewe.

Tulipotoka upande wa pili tukasikia mvumo, na treni ya kasi ikapita kilimani. Nikamweleza kwamba ile njia ya Paris hadi Lyon, iliyofunguliwa mwaka 1981, haina handaki hata moja. Inapanda vilima; mwinuko wake hufika 35 kwa 1,000, yaani mita 35 kwenda juu kwa kila mita 1,000.

Baba alipiga hesabu kwa midomo. “Moja kwa ishirini na nane? Haiwezekani. Kwetu moja kwa hamsini tu kichwa cha treni kinalia.”

Tukasubiri nyingine. Ikapita, akaitazama mpaka ikapotea, akasema tusubiri nyingine tena. Tulifika Mâcon jioni, treni yetu ya Lyon imekwisha ondoka, na tukiwa kwenye benchi akampigia simu rafiki yake mstaafu mwenzake aliyeko Kaliua. Nilimsikia akipaza sauti stesheni nzima, “Moja kwa ishirini na nane, nakwambia, na halijapunguza mwendo!” Upande wa pili mzee yule alicheka sana, akamwambia aache mvinyo wa watu.