Ratiba mbili za mkopo mmoja

Mwaka 2021 mweka hazina wa chama kimoja cha akiba na mikopo jijini Nairobi alitutumia sisi waandaaji programu picha mbili za ratiba ya mkopo uleule. Ya kwanza ilipigwa kwenye simu ya mwanachama alipokuwa akijaza ombi, ya pili ilikuwa ya mkataba uliochapwa kutoka kwenye seva. Mkopo ulikuwa wa shilingi 45,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Fedha ya mkopo yenyewe ilirejeshwa 3,750 kila mwezi kwenye ratiba zote mbili. Riba ndiyo iliyoachana. Mwezi wa pili simu ilisema 413, mkataba 412. Mwezi wa sita 263 kwa 262, mwezi wa kumi 113 kwa 112. Jumla ya riba ilikuwa 2,928 kwenye simu na 2,925 kwenye mkataba.

“Sasa, vijana wangu, huyu mama nimwambie ratiba yake ni ipi?” aliuliza.

Ni shilingi tatu tu, lakini mtu aliyeonyeshwa deni moja kisha akapewa mkataba wa deni jingine ana haki ya kushuku kila kitu kingine.

Seva ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya Python, ukurasa kwa lugha ya JavaScript, na kanuni ya riba ilikuwa imeandikwa mara mbili, kila upande kivyake. Riba ya mwezi wa pili ni asilimia 1 ya 41,250, yaani 412.5 kamili. Math.round ya JavaScript huipandisha nusu hiyo, ikatoa 413. Ile round ya Python huipeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo jirani, ikatoa 412. Mwezi wa nne haukuonyesha tofauti yoyote, kwa sababu 337.5 huenda 338 pande zote mbili: upande mmoja kwa kupanda, upande mwingine kwa kuwa 338 ni shufwa. Hitilafu ya namna hii hujificha nusu ya nyakati, na anayeijaribu kwa mfano mmoja anaweza kuondoka ameridhika kabisa.

Kuirekebisha Python peke yake kungekuwa kazi ya mistari michache. Lakini nakala zingebaki mbili, na kamati ya chama ilikuwa tayari inazungumzia kubadilisha riba ya mikopo ya dharura. Kwa hiyo sehemu ya mikopo ya seva ikahamishiwa Node, programu inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, na kanuni ikawekwa kwenye folda moja iliyoitwa pamoja, kando ya folda za seva na kivinjari. Nusu ielekee wapi hatukuamua sisi, iliamuliwa na kamati: ipande. Tuliloliomba ni hesabu yote ifanywe kwa senti, kwa namba kamili, na mkataba uonyeshe senti. Hapo 412.5 ikawa senti 41,250 na nusu yenyewe ikatoweka. Panapobaki sehemu ya senti, riba huandikwa kama 100 kati ya 10,000: zidisha kwa salio, ongeza 5,000, gawanya kwa 10,000, kisha tupa desimali. JavaScript hushika namba kamili bila kosa hadi 9,007,199,254,740,991, kwa hiyo hakuna mkopo wa chama kile utakaoikaribia.

Kuhamisha kanuni hakukuchukua muda. Kilichochosha ni kuusafisha msimbo mpaka usijue umo upande gani.

Kwanza ilikataa webpack, programu inayofungasha msimbo kwa ajili ya kivinjari. Faili ya kutengeneza namba ya rejea ya ombi ilikuwa ikiita crypto, moduli (kipande cha msimbo kilicho tayari) ya Node. Kuanzia toleo la 5, webpack haileti tena vibadala vya moduli za Node kwa ajili ya kivinjari, hivyo ufungashaji ukakwama hapo hapo. Nafurahi kwamba ulikwama. Kuongeza kibadala kungepachika mzigo mkubwa kwenye ukurasa unaofunguliwa kwa bando la simu, kwa ajili ya namba ambayo seva pekee ndiyo inayostahili kuitoa. Faili ikarudishwa folda ya seva.

Tarehe zilifuata. Saa ya seva ilikuwa ya UTC, saa ya kimataifa, simu za wanachama ziko saa tatu mbele. Mtu anayeomba saa saba usiku tarehe 1 Aprili, kwa seva bado ni tarehe 31 Machi, na ratiba nzima inaanza mwezi mwingine. Ndani ya folda ya pamoja tukapiga marufuku new Date() isiyopewa tarehe, maana hiyo husoma saa ya mashine inayoiendesha. Tarehe ya kuanzia huingia kama maandishi, 2021-04-01, na hutoka hivyohivyo. Hilo lilitufaa hata kwenye JSON, muundo wa maandishi wa kusafirishia data, ambako Date huingia kama kitu na kutoka kama maandishi, na sehemu yenye thamani ya undefined (yaani isiyowekwa) hupotea kimyakimya. Kuongeza mwezi nako kukaandikwa kwa mkono, maana setMonth, amri ya JavaScript ya kubadilisha mwezi, ikiongezewa mwezi kwenye tarehe 31 Januari 2021 inaruka Februari na kutua tarehe 3 Machi.

Lililonitisha zaidi lilikuwa kigeu kimoja (jina linalohifadhi thamani) mwanzoni mwa faili kilichotunza mwanachama wa sasa. Ndani ya kivinjari hakina madhara, kwani kila ukurasa una nakala yake na mtu wake. Kwenye Node moduli hupakiwa mara moja na mchakato mmoja huhudumia watu wote. Ombi la kwanza linaweka jina, linafika kwenye await likisubiri hifadhidata, ombi la pili linaweka jina jingine, kisha la kwanza linaendelea na mwanachama asiye wake. Ukijaribu ombi mojamoja hutakiona kamwe. Tulikinasa kwa kutuma maombi mawili kwa pamoja kabla mfumo haujafunguliwa, na tangu hapo kila kitendakazi (kipande cha msimbo kinachofanya kazi moja) cha folda ile hupewa mwanachama kila kinapoitwa.

Ili uchafu usirudi, folda ya pamoja ilipewa tsconfig yake, faili ya masharti ya TypeScript, ambayo ni JavaScript yenye ukaguzi wa aina: lib ni ES2019 bila DOM, yaani bila vitu vya kivinjari, na types ni orodha tupu, yaani bila vitu vya Node. Ukiandika window au process humo, TypeScript inakataa papo hapo. Majaribio ya ratiba yakawa yanaendeshwa mara mbili, ndani ya Node na ndani ya kivinjari, na mkopo wa 45,000 ulikuwa wa kwanza kwenye orodha.

Bado ukurasa uliofunguliwa asubuhi unaweza kuwa na kanuni ya jana ilhali seva imeshabadilishwa mchana. Kwa hiyo kivinjari hutuma ombi pamoja na jumla aliyoonyeshwa mwanachama, na seva hukokotoa upya kila mara. Zikitofautiana, mkataba hautoki: mwanachama hurudishiwa ratiba mpya aikubali kwanza. Ukaguzi wa wadhamini na kikomo cha mkopo haukuingia folda ya pamoja hata kidogo. Unahitaji hifadhidata, na chochote kinachofika kwenye kivinjari kinaweza kusomwa na kubadilishwa na mwenye simu.